Tanga 1914: Tuwaache Nyuki, Tuitazame Mipango

Huku Iringa, Tom von Prince, Mjerumani aliyejulikana kama Bwana Sakarani, hutajwa kila inapozungumzwa habari ya kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894 na ya vita vya Mtwa Mkwawa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyohuyo aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji huo kutoka baharini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Na wanaoyakumbuka mapigano ya Tanga hukumbuka zaidi nyuki waliowavamia askari. Nyuki walikuwepo kweli, wakawauma watu wa pande zote mbili, lakini kuwabebesha wao matokeo ya vita ni kulikwepa swali lenyewe: je, uvamizi wa pwani iliyo mikononi mwa adui hushindwa kwa sababu ya asili yake, au kwa sababu ya namna ulivyopangwa?

Wanaoshikilia kwamba tatizo liko katika asili yake wana ushahidi mzito. Askari anayeshuka ufukweni hana mahali pa kujisitiri, mizinga yake bado imo melini, na kila anachokihitaji, kuanzia maji ya kunywa hadi risasi, hupitia mashua zilezile zinazotakiwa kuwaondoa majeruhi. Huko Gallipoli, katika pwani ya Uturuki, Waingereza na wenzao walishuka Aprili 1915, wakang'ang'ania vipande vyembamba vya pwani kwa miezi kadhaa, kisha wakaondoka bila kukifikia walichokifuata. Dieppe, tarehe 19 Agosti 1942, Wakanada karibu 5,000 walishushwa katika pwani ya Ufaransa, na kabla ya siku kwisha zaidi ya 900 walikuwa wamekufa na wengine wengi wametekwa. Hata ushindi ulikuwa wa gharama kubwa: katika kisiwa cha Tarawa, bahari ya Pasifiki, Novemba 1943, maji juu ya matumbawe yalikuwa machache mno kwa mashua nyingi kupita, hivyo Wamarekani wakalazimika kutembea majini mamia ya mita huku wakimiminiwa risasi, na karibu 1,000 kati yao wakapoteza maisha katika muda wa siku tatu.

Hata hivyo, Tanga haiingii vizuri katika hoja hiyo. Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alikuja kutoka India na askari wapatao 8,000, na meli zake zilipofika tarehe 2 Novemba mji ulikuwa na walinzi wachache sana. Badala ya kushusha askari mara moja, Kapteni Caulfeild wa manowari ya Fox aliingia bandarini kudai mji usalimishwe, akimpa ofisa wa Kijerumani muda wa kujibu. Wajerumani waliutumia muda huo kupeleka habari kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao la Afrika Mashariki, aliyekuwa upande wa Moshi, zaidi ya kilomita 300 kwa reli, naye akaanza kuwapakia askari wake katika treni. Waingereza wa kwanza walishuka Ras Kasone usiku, wakashambulia alfajiri ya tarehe 3 na kurudishwa nyuma. Shambulio kubwa lilipofanyika tarehe 4, treni zilikuwa zimekwisha leta watu, na walinzi walikaribia 1,000.

Kwa haki, Caulfeild ana watetezi. Mapema katika vita hivyo kulikuwa na mapatano ya kutoishambulia bandari ya Tanga, na jeshi la majini liliona ni wajibu kutoa taarifa kabla ya kuyavunja. Tena palikuwa na hofu ya mabomu yaliyotegwa majini. Naikubali hoja ya wajibu. Nisichoweza kukikubali ni kwamba baada ya kutoa taarifa, saa ziliachwa zipite kana kwamba adui hana reli. Zaidi ya hapo, Aitken hakutuma wapelelezi nchi kavu, na kabla ya hapo alikataa kuchukua askari wa KAR (King's African Rifles), yaani Keya, askari Waafrika wa Waingereza waliokuwa wakiijua nchi. Watu wake walikuwa wamekaa melini zaidi ya wiki mbili, na mizinga yao ya milimani ilipigwa kutoka sitahani kwa sababu haikushushwa.

Jambo linalonisumbua kuliko yote lilitokea usiku wa tarehe 4. Wajerumani walikosea kuelewa mlio wa tarumbeta, wakaondoka na kurudi kambini magharibi ya mji, na kwa saa kadhaa Tanga ikabaki karibu tupu. Aitken, ambaye hakutuma mtu kwenda kuangalia, aliamuru askari wapakiwe melini. Jeshi lililoshindwa na asili ya pwani lisingeachiwa mji wazi namna ile.

Kwa maoni yangu, uvamizi wa baharini ni mashindano ya muda kati ya meli za mshambuliaji na reli au barabara za mlinzi. Waliopanga uvamizi wa Normandy wa tarehe 6 Juni 1944 walilielewa hilo: waliwadanganya Wajerumani wategemee shambulio kubwa upande wa Calais, wakabomoa reli na madaraja, wakachagua saa kwa kufuata maji kupwa na kujaa, na wakabuni bandari za kuvutwa baharini. Pamoja na maandalizi hayo, Omaha, mojawapo ya fukwe za Normandy, palimwagika damu nyingi, na hapo wenye hoja ya kwanza wanabaki na neno: mipango hupunguza gharama ya ufukwe, haiiondoi.

Kuna pingamizi jingine ninalolipa uzito. Yawezekana Tanga ingetekwa na vita visiishe, kwa kuwa Lettow angerudi bara, kama alivyofanya mwaka 1916 Tanga ilipochukuliwa karibu bila mapigano. Ni kweli, lakini angerudi akiwa dhaifu zaidi. Waingereza walimwachia bunduki za rashasha 16, bunduki za kawaida zaidi ya 400 na risasi zipatazo 600,000, kwa jeshi ambalo meli za Uingereza zilikuwa zimelifungia bahari lisipate silaha kutoka Ujerumani.

Jeshi hilo ndilo lililopigana Malangali Julai 1916 na kuondoka Iringa mwezi uliofuata. Na Oktoba mwaka huohuo vikosi vya Jenerali Wahle, Mjerumani, vikashuka kutoka Tabora, vikapigana Ngominyi na Lupembe, hadi sehemu yao moja iliposalimu amri Ilembule. Majeshi yote mawili yalichukua chakula cha wenyeji na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi, na katika kampeni nzima makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Lettow mwenyewe alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, ng'ambo ya mpaka kutoka mkoa wa Rukwa, tarehe 25 Novemba 1918. Katika hesabu za hasara za Tanga, vitabu vingi huandika Waingereza na Wahindi zaidi ya 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Kwa hesabu yangu, sehemu ya vifo vya wapagazi wa Ubena na Uhehe nayo inapaswa kuandikwa hapo.