Mbolea ifuate ghala la chama

Mwandishi, umesema wakulima wa Newala na Tandahimba, huku Mtwara, hatuweki mbolea kwenye mahindi kwa kukosa elimu. Hapana, ndugu yangu. Tazama salfa, dawa ya mikorosho. Nani huku asiyejua kuupulizia mkorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga? Bibi yangu hajakanyaga darasa na mwezi wa kuanza anaujua. Tumejua kwa sababu salfa inashushwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, hapa hapa kijijini, na jirani anakuonyesha namna ya kupiga.

Mbolea ya ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/2023 nilijiandikisha, namba ya kununulia nikapata. Lakini wakala anayeiuza yuko mjini. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, bodaboda kwenda na kurudi, punguzo lote likaishia njiani. Na mbolea tunaihitaji: mchanga wetu huu wa uwanda wa Makonde, mvua tatu kubwa tu rutuba imekwenda na maji.

Kinachoniuma zaidi: fedha za korosho huanza kuingia Oktoba, mvua za kupandia zikiwa karibu. Chama kina majina yetu, kina ghala. Mwanachama akiagiza mifuko miwili ikakatwa kwenye malipo yake, kwa ridhaa yake na kwa maandishi, lori moja linahudumia kijiji. Nasisitiza maandishi, maana makato yasiyoelezwa ndiyo yaliyowafanya wazee wengi waogope hata neno pembejeo.

Nimeshamwandikia katibu wetu hoja hii iingie kwenye ajenda za mkutano mkuu.