Kabla Hujamwambia Anunue ESP32

Leo mnivumilie, nimekasirika. Kuna kijana ameunda kifaa cha kuangalia tangi la maji: Arduino Uno (ubao mdogo wenye chipu ya kuendesha vifaa), moduli ya SIM800L ya kutuma SMS, na kiskrini cha OLED. Kinakwenda vizuri siku kadhaa, kisha kinaganda. Akaomba ushauri kwa "wataalamu" wetu. Wote wimbo mmoja: chipu ndogo hiyo, nunua ESP32, ubao mwingine wenye nguvu zaidi.

Kodi yake, yaani maandishi ya programu, hakuna aliyeigusa. Mimi nimeisoma. Uno yake ina RAM (kumbukumbu ya kazi programu inapokwenda) ya baiti 2,048. Skrini ya pikseli 128 kwa 64 inakula 1,024, na laibrari ya Adafruit (kodi iliyoandikwa tayari ya kuendesha skrini) inaziomba baada ya programu kuanza, kwa hiyo ripoti ya kompaila, programu inayoitafsiri kodi kwa lugha ya chipu, haizihesabu. Unaambiwa nafasi ipo tele, kumbe nusu imekwenda.

Uchawi wenyewe uko hapa: majibu ya modemu (ile SIM800L) anayakusanya herufi moja moja kwenye String, aina ya maandishi yanayoweza kurefuka: jibu += c, yaani bandika herufi mwishoni. String inarefuka, inahama, inaacha matundu kwenye hipu, sehemu ya RAM inayogawiwa programu ikiwa inakwenda. Ni kama daladala lenye viti vinne vitupu, kimoja kila kona, na familia ya watu wanne inataka kukaa pamoja. Tena String ikinyimwa nafasi haipigi kelele. Inadondosha herufi kimyakimya, na programu inakaa kungoja "OK" isiyokuja mpaka Kiyama. Ndiyo kuganda kwenyewe huko!

Dawa yake ni char jibu[64], safu ya nafasi 64 za herufi, ya kudumu, na ukomo ukaguliwe kabla ya kuandika kila herufi. Maandishi yasiyobadilika yafunge kwa F() yabaki kwenye fleshi, kumbukumbu inayohifadhi programu, maana usipofanya hivyo AVR (chipu ya Uno) inayanakili yote kwenye RAM inapowaka.

Haya, nakubali shingo upande: ESP32 ina RAM ya kilobaiti 520, ina WiFi, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya Uno halisi. Mradi mpya? Ichukue. Lakini ukihamia huko na mazoea yaleyale, huenda umeahirisha tu kuganda hadi kifaa kiwe kwa mteja, juu ya paa, na wewe ndiye wa kupanda ngazi.

Kwa hiyo kabla ya kumtuma mtu dukani, mwambie achapishe kila dakika nafasi iliyobaki kati ya hipu na steki (sehemu ya RAM ya kazi za muda). Namba ikizidi kushuka, rekebisha kodi. Ikitulia lakini ni ndogo mno, hapo sawa, tuulizane bei.