Aliota au Hakuota? Msimwamulie Goodman Brown

Wasomaji wengi wakimaliza "Young Goodman Brown", hadithi fupi ya Mmarekani Nathaniel Hawthorne, hubishana juu ya jambo moja: yule kijana aliota au aliyaona kweli? Nawasihi wasiamue.

Hadithi ilichapishwa mwaka 1835, lakini inatupeleka Salem, Massachusetts, mwishoni mwa karne ya 17. Kijana Brown, aliyeoa miezi mitatu tu iliyopita, anamuaga mkewe Faith, ambaye jina lake maana yake ni Imani, anaingia msituni jua likizama. Ibilisi anayemkuta huko hana pembe wala kwato. Ni mtu wa makamo, miaka kama 50, amevaa nguo za kawaida, na wamefanana kama baba na mwanawe. Cha ajabu ni fimbo yake tu, yenye umbo la nyoka mweusi anayeonekana kujinyonganyonga. Papo hapo msimulizi anasema labda ni macho, mwanga ulikuwa hafifu.

Njiani yule bwana anavunja tawi la mti ili lifae kwa bakora. Vijitawi vilivyolowa umande vinanyauka vidole vyake vinapovigusa, kana kwamba vimeanikwa juani wiki nzima. Hakuna radi, hakuna harufu ya kiberiti. Vidole tu, na mimi hapo ndipo ninapoogopa.

Baadaye misonobari minne inawaka vilele, na waliokusanyika chini yake kumwabudu Ibilisi ni shemasi, waumini wa kanisa na Faith mwenyewe. Brown anampigia Faith kelele amkatae mwovu, mara yuko peke yake. Kitawi kilichokuwa kikiwaka moto kinamdondoshea shavuni umande wa baridi. Utepe wa pinki uliopeperuka ukanasa tawini usiku ule, asubuhi anauona kwenye kofia ya mkewe. Ushahidi unagongana, na Hawthorne anauacha ugongane.

Alijua alichokuwa anakifanya. Mwaka 1692 mahakama ya kesi za uchawi ya Salem ilipokea ushahidi wa mizuka: ukidai kwamba umbo la jirani yako lilikujia likakutesa, dai hilo lilihesabiwa dhidi yake, hata kama mwili wake ulikuwa kwingine. Watu 19 walinyongwa, na Giles Corey alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Mchungaji Increase Mather aliandika mwaka huohuo kwamba Shetani anaweza kuvaa sura ya asiye na hatia, na Oktoba Gavana Phips akaivunja mahakama. Mmoja wa mahakimu wake, John Hathorne, alikuwa babu wa babu yake mwandishi.

Kwa hiyo anayesema "aliyaona kweli" ameketi na mahakimu wale. Naye anayesema "ilikuwa ndoto tu" anaukwepa ubaya wenyewe, maana ndoto ile ilitosha kumfanya Brown awahukumu watu wote wa kijiji mpaka anaingia kaburini.

Atakayeifasiri kwa Kiswahili namwomba atumie neno Ibilisi. Pwani yetu shetani anaweza kuwa yule wa kupandishwa na kupungwa: ana ngoma yake, ana anachokidai, na mganga huzungumza naye wakapatana. Huyu wa Salem hadai ubani wala kitambaa. Anataka umsadiki anapokuonyesha siri za jirani zako.

Na waandishi wetu wa hadithi za kutisha, acheni kumalizia kwa "kumbe alikuwa anaota, akashtuka jasho likimtoka". Mwisho huo unafuta hofu yote mliyoijenga. Wekeni kitu kimoja kinachothibitisha ndoto na kingine kinachoikana, vyote vidogo vya kushikika mkononi, kisha onyesheni mhusika anafanya nini kukicha. Asubuhi ile bibi Cloyse, aliyemfundisha Brown katekisimu utotoni, yuko dirishani kwake anamfundisha binti mdogo aliyemletea painti ya maziwa. Brown anapita, anamnyakua mtoto kana kwamba anamtoa mikononi mwa Ibilisi.