Injini Isiyo na Sukari

Mimi ni fundi magari. Nimeshusha na kupandisha injini za Toyota tangu Gerezani, Dar es Salaam, hadi hapa Columbus, Ohio. Kwa hiyo mwanangu wa miaka kumi alipokuja na boksi la roketi ya kuunda mwenyewe, nilicheka. Ndani mna bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, parachuti ya nailoni inayotosha kufunika bakuli, na mapezi matatu ya mbao ya balsa, nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Baba, kuna karatasi ya maelekezo."

Nikamwambia maelekezo wameandikiwa wasiokuwa mafundi.

Sasa, kuna kibomba kidogo cha kushikilia injini. Unakipaka gundi ya mbao, unakisukuma ndani ya bomba kubwa kwa mkupuo mmoja, bila kusita. Mimi nilikuwa nimefika nusu simu ikaita. Mama, kutoka Tanga. Nani anamkatia mama yake simu? Shikamoo mama, mvua je, mbuzi wamezaa, shangazi mguu umepona? Niliporudi kwenye kazi, gundi ilikuwa imeshashika. Karatasi inanyonya yale maji, inavimba, basi, umeoa. Nikachukua koleo nikavuta, nikabaki na nusu ya bomba mkononi. Mwanangu hakulia. Alinitazama tu, kama wateja wanavyonitazama gari likiwa limeshafungwa na bolti moja bado iko mezani.

Ikabidi niende dukani kununua boksi jingine, na injini pia, maana haziji ndani ya boksi. Kijana wa dukani akaniuliza roketi yangu ina hatua ngapi. Nilikuwa nimeshaiona ile karatasi kwa mbali, nikajibu bila wasiwasi: "Kumi na nne." Akanitazama kwa heshima ambayo sijapata kuiona tena nchi hii. Baadaye ndipo nilipojua kwamba aliuliza injini ngapi zinapokezana angani. Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969, ilikuwa na hatua tatu.

Kwenye rafu nikakuta injini zilizoandikwa C6-5 na C6-0. Ukizoea, maandishi hayo ni rahisi kuliko ya kwenye tairi. Herufi ni jumla ya nguvu, na kila herufi ni hadi maradufu ya iliyotangulia: B inaizidi A, C inaizidi B. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Ya mwisho ni sekunde za kusubiri baada ya baruti kuisha, roketi ikiendelea kupaa kwa kasi inayopungua, kabla parachuti haijasukumwa nje. Mimi siku ile sikujua hata moja. Niliona sifuri nikakumbuka soda: sifuri ni isiyo na sukari. Na mimi nina sukari. Nikachukua ya sifuri.

Jumamosi tukakutana Watanzania shambani kwa rafiki yetu, nje ya mji, majani yameshakatwa, pilau inanukia. Nilichomeka roketi kwenye ufito wake wa chuma, nikatandika zile karatasi zisizoshika moto chini ya parachuti, nikavuta waya mita tano, nikaweka ufunguo wa usalama. Shemeji akaanza kurekodi. Watu wakahesabu kwa Kiswahili, tano, nne, tatu, na mimi nikabonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayepiga muhuri.

Fyuuuu! Kusema kweli, ilipendeza. Sekunde mbili.

Kisha tah! Ile ya sifuri hutumika chini, kwenye roketi yenye injini mbili: baruti ikiisha, moto unapasukia mbele papo hapo kuwasha injini ya juu. Yetu haikuwa na injini ya juu. Ilikuwa na parachuti, tena kwenye kasi kubwa kuliko zote. Pua ikachomoka, parachuti ikachanika vipande, kamba ya mpira ikakatika, na bomba likaanza kurudi kwetu.

"Laleni!" nikapiga kelele, nikajirusha chini ya meza.

Ile meza ni ya kukunja. Mguu wangu uligonga mguu wake, ikajikunja. Pilau yote, sufuria la watu arobaini, ikanimwagikia mgongoni, kachumbari ikafuata. Nilifumba macho nikisubiri kishindo.

Bomba likashuka likipinduka polepole kama jani la mwembe, likatua hatua kumi kutoka nilipolala. Halikukunja hata nyasi.

Mzee mmoja wa kwetu Tanga, aliyekuwa bado amesimama na sahani yake tupu, akainama akanichungulia. "Fundi, roketi imeshuka salama. Wewe je?"

"Baba watoto," mke wangu akasema, "usitikisike kwanza, nikuokote nyama."

Mwanangu akaenda kuliokota bomba. Akalichungulia ndani, akahesabu mapezi, akaja kuchuchumaa karibu na kichwa changu.

"Baba, hii inatengenezeka. Injini nitachagua mimi, na gundi nitapaka mimi. Wewe utampigia bibi."