Anayeomba kuhama tawi la jeshi si mtoro

Mwaka 2021 Kikosi cha Anga za Juu cha Marekani, tawi changa kuliko yote katika majeshi ya nchi hiyo, kiliwafungulia mlango askari wa Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanamaji na Marine (kikosi cha mashambulizi kinachotokea baharini) waliotaka kuhamia kwake. Awamu ya kwanza ilikuwa na nafasi 50. Waliojitokeza kuomba walizidi 3,700.

Yaani kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 70. Wapo wanaoisoma hesabu hiyo kama dalili ya ugonjwa: uaminifu kwa kikosi umekwisha, vijana wa siku hizi hawatulii, kila mmoja anatafuta mahali pa kiyoyozi. Mimi naisoma tofauti, na nadhani inafaa kuitazama kwa makini kabla ya kuipita. Watu hao tayari walikuwa kwenye magwanda. Aliyechoka na jeshi hana haja ya kuomba nafasi ambayo karibu hakika ataikosa. Anangoja mkataba uishe, anarudi uraiani, na kama ni fundi wa satelaiti au wa mawasiliano, kampuni binafsi zinamngoja kwa mshahara mnono zaidi. Hawa 3,700 waliomba kubaki. Najua si wote walikuwa wataalamu wa anga. Wengine walivutiwa na upya wa kikosi, wengine walichoshwa na maisha ya mahandakini. Lakini mtu aliyechoka handaki na bado yuko tayari kupiga saluti ni mtu ambaye serikali yenye akili humshika mkono.

Utaratibu wenyewe una ugumu ambao watu wa nje hawauoni. Kwa askari wa kawaida, uhamisho kamili kutoka tawi moja kwenda jingine kwa hakika haupo. Anachoomba ni kuachiliwa kwa masharti, kwa fomu inayojulikana kama DD 368. Tawi linalomtaka linaanzisha maombi, tawi lake linakubali au linakataa, na likikubali anapewa muda maalumu wa kuingia kule, muda ukipita ruhusa inakufa. Kisha anaondolewa kwenye daftari la zamani na kuapishwa upya katika tawi jipya. Kwa maafisa sheria imenyooka zaidi: Rais anaweza kumhamisha afisa kwa ridhaa yake mwenyewe, mradi asipande juu ya wenzake kwa sababu ya uhamisho huo. Katika njia zote mbili kuna saini ya wakubwa wa zamani, na saini hiyo inaweza kunyimwa kwa maneno machache tu, "mahitaji ya jeshi".

Maneno hayo yana uzito wake. Mwaka wa fedha wa 2022 Jeshi la Nchi Kavu lilihitaji askari wapya 60,000, likapungukiwa na takribani 15,000. Katika mwaka kama huo kamanda anayekataa kumwachia sajini wake si mkatili. Sajini anayezijua redio za kikosi, anayejua gari lipi huzima likipata joto na askari gani ana matatizo nyumbani, huwezi kumpata sokoni. Inachukua miaka kumtengeneza. Rubani wa ndege ya kivita naye amegharimu mamilioni ya dola kabla hajaanza kufaa kazini. Na ipo hoja ya mkataba: ulisaini ukiwa na akili timamu, hakuna aliyekushikia bunduki.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua, kwa sababu naona inavyowaangukia watu wa kwetu.

Mfikirie kijana wa Eldoret, Arusha au Bujumbura aliyepata grini kadi kwa bahati nasibu ya viza. Anafika Texas au Minnesota akiwa na miaka 30, ana shahada ya uhandisi, anaosha wazee kwenye nyumba za kulelea au anabeba maboksi kwenye ghala usiku. Anasikia jeshi linafungua njia ya uraia, na ni kweli: tangu amri ya Rais George W. Bush ya Julai 2002, anayetumikia kwa heshima katika kipindi hiki kilichotangazwa kuwa cha vita anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka ambayo mhamiaji asiye askari hungoja. Anakwenda ofisi ya uandikishaji. Marine wanaishia miaka 28, mlango huo umefungwa. Uafisa unahitaji uraia, hana. Kazi za siri za mawasiliano, ujasusi na satelaiti zinahitaji kibali cha usalama, na kibali hicho hutolewa kwa raia. Kisha kuna ASVAB, mtihani wa kuingilia jeshini ambao alama zake huamua kazi utakazoruhusiwa, unaofanywa kwa saa inayokimbia: maana za maneno ya Kiingereza cha kwao, hesabu zilizofungwa ndani ya maelezo marefu, na hata maswali ya gereji na vifaa vya magari. Hesabu anazijua tangu kidato cha pili, lakini bado anasoma swali wakati mwenzake aliyekulia Ohio amegeuza ukurasa.

Afisa uandikishaji anamwonyesha kilichobaki. Upishi, udereva wa malori, ghala la vifaa, ufundi wa magari. Ni kazi za heshima, na jeshi halitembei bila hao. Lakini aliyesaini siku ile alichagua katika orodha iliyokwisha kukatwa na karatasi zake, umri wake na miezi michache aliyokaa nchini.

Miaka mitatu baadaye ni raia. Kiingereza cha amri na cha fomu kimeingia kichwani. Amefanya mtihani tena, kwa maana askari aliye kazini anaruhusiwa kurudia toleo lake la ndani, na alama zimepanda. Milango ambayo haikuwapo siku ya kusaini sasa ipo. Tukimwambia "ulichagua mwenyewe", tunazungumza na mtu ambaye siku ile hakuwepo. Kweli, tawi lake linaweza kumbadilishia kazi ndani kwa ndani, na kwa wengi hilo latosha. Asiende mbali anayeweza kutulizwa karibu. Ila kama moyo wake uko kwenye injini za meli za kivita, au kwenye uokoaji wa baharini unaofanywa na Walinzi wa Pwani, Jeshi la Nchi Kavu halina la kumpa linalofanana na hilo. Ukimnyima, humbakizi. Atahesabu siku za mkataba na kuondoka moja kwa moja, na hapo tawi limempoteza na nchi imempoteza pia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba serikali ikitaka yenyewe, ukuta huu hushuka. Mwaka 1947 Jeshi la Anga lilipotenganishwa na Jeshi la Nchi Kavu, umati wa marubani na mafundi ulibadili tawi kwa nguvu ya sheria. Mwaka 2004, vita vya Iraq vilipohitaji miguu ardhini huku Jeshi la Wanamaji na la Anga yakipunguza watu, Pentagon ilianzisha mpango wa kuwavusha mabaharia na askari wa Jeshi la Anga kuingia Nchi Kavu, kwa kozi fupi badala ya mafunzo yote ya kuruta. Mwaka 2020 maelfu ya watu wa Jeshi la Anga waliingizwa kwenye Kikosi cha Anga za Juu. Kenya nayo, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ilimkabidhi Mahamoud Mohamed, jenerali wa Jeshi la Nchi Kavu, usukani wa jeshi la anga lililoundwa upya, na miaka minne baadaye akawa Mkuu wa Majeshi. Hakuna aliyewaita hao wasaliti. Neno uaminifu hutolewa kabatini pale tu ombi linapotoka chini.

Faida ya watu walioonja matawi mawili si ya kudhania. Usiku wa tarehe 24 Aprili 1980 Wamarekani walijaribu kuwaokoa mateka wao Iran. Helikopta zilikuwa za Jeshi la Wanamaji, wengi wa marubani wake walikuwa Marine, ndege za mizigo zilikuwa za Jeshi la Anga, makomando walitoka Nchi Kavu, na hawakuwahi kufanya mazoezi kamili wote kwa pamoja. Operesheni ilisitishwa jangwani, helikopta ikagongana na ndege, wanajeshi 8 wakafa. Msiba huo ni miongoni mwa mambo yaliyozaa sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986, ambayo inawataka maafisa wapitie kazi za pamoja za matawi kabla ya kufikia ujenerali. Maafisa husukumwa kwenda kujifunza lugha ya jirani. Askari wa kawaida aliyehama anaijua tayari.

Wala anayehama haendi kwenye raha. Anaweza kushushwa cheo. Anapimwa afya kama mgeni, na goti aliloumizia kazini linaweza kumkatisha njia. Akiingia Marine anaanza na wiki 13 za mafunzo ya kuruta, hata kama alikuwa sajini aliyerudi kutoka Afghanistan, akifokewa na mkufunzi ambaye pengine ni mdogo wake kwa umri. Kinachobaki ni miaka yake ya utumishi, ambayo inaendelea kuhesabiwa kuelekea ile 20 ya pensheni.

Kwa hiyo sidai kila fomu ipitishwe. Kikosi kikishapewa amri ya kwenda vitani, kamanda ana haki ya kumshikilia mtu wake hadi warudi. Aliyesomeshwa urubani amalize miaka aliyoahidi. Lakini nje ya hapo, anayekatalia ombi aandike sababu inayomhusu askari huyo hasa, ndani ya muda unaojulikana, ili mkubwa wa juu aweze kuisoma na kuipima. Na vijana wetu walioko huko, wasikubali kuondolewa kwenye daftari la zamani kabla nafasi ya kule haijawa kwenye maandishi, kazi na cheo vikiwa vimetajwa. Waulize mapema pia kuhusu bonasi. Aliyepokea fedha za kusaini na hajazitumikia zote anaweza kudaiwa sehemu iliyobaki, na deni hilo humfuata hadi kwenye mshahara wa tawi jipya.