Jumapili Haitaki Mwendokasi

Kuna watu wanaochagua kanisa kwa saa. Kabla hajauliza nani anahubiri, anataka kujua, "Pale mnatoka saa ngapi?" Siwalaumu sana. Mtu anayeshinda wiki nzima kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, haraka imeshamwingia damuni. Ila kwangu, Jumapili ya kukimbizana ni Jumatatu iliyovaa suti.

Jumapili iliyopita jirani alinialika kusali kwao, usharika mmoja wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huku Kimara, Dar es Salaam. Mimi ni Mkatoliki (misa nilishasali Jumamosi jioni, Paroko asije akaniuliza). Raha ya ugeni ni kwamba huna zamu. Simo kwenye kamati ya ujenzi, hakuna wa kunivuta pembeni kwa habari ya mchango wa harusi. Nilikaa benchi la nyuma nikasikiliza mahubiri mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo parokiani kwetu hunishinda. Kama kuna utaratibu ambao makanisa yetu yote yangeuacha, ni huu wa kuwasimamisha wageni na kuwapa maikrofoni. Mgeni mkaribishe mlangoni, inatosha.

Kilichoninogea ni mnada. Ibada ikiisha, waumini wanatoka wakiimba, wanasimama uwanjani, ndipo zinanadiwa sadaka ambazo watu wameleta kwa vitu: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo kafungwa miguu. Mzee wa kanisa aliyenadi alikuwa fundi kwelikweli. Papai ambalo sokoni ni elfu mbili lilifika elfu kumi, na bado alikuwa anamtania baba mmoja kwamba mkewe anamwangalia. Mama mmoja alimnunua yule jogoo, akalipa, akasema, "Arudi mnadani." Jogoo akanadiwa upya, safari hii kwa bei kubwa zaidi. Wengine wanauona mnada kama kupotezeana muda juani. Mimi nimeona watu ambao ndani ya kanisa walikuwa wamekaa kama hawajuani, nje wanapandishiana bei huku wanacheka. Nami niliondoka na fungu la mchaichai, kwa bei ambayo mke wangu hataisikia kutoka kwangu.

Mchana ukawa wa pilau, feni na filamu za Kibongo za zamani. Tuliweka za King Majuto, yule mchekeshaji wa Tanga aliyefariki Agosti 2018. Zama zile filamu moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe DVD mbili, kwa hiyo mambo yalivutwa kweli: gari linapiga honi, mlinzi anakuja taratibu, geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, na hajasema neno. Kama kazi ya sanaa, huo ni udhaifu na siutetei. Lakini kwa saa tisa alasiri ya Jumapili, tumbo limejaa, sijaona mwendo unaofaa zaidi ya huo. Halafu Majuto anatokea, anamtazama mtu tu bila kusema kitu, sebule nzima hoi.

Mpwa wangu kila akiona geti anataka kupeleka mbele. Rimoti nimeikalia.