Meli ya Kutuliza Akili

Daktari hakuniambia, nilijishauri mwenyewe. Nikasema mtu mzima nashinda nimekodolea simu macho, kwa nini nisitafute kazi ya mikono ya kutuliza akili? Nikaagiza boksi la meli ya mbao, ya milingoti miwili, unaiunganisha mwenyewe. Juu ya boksi kuna picha ya meli imejaza matanga, na maandishi: "Inawafaa wanaoanza." Wanaoanza nini, hawakusema. Sasa nimejua. Wanaoanza kuumwa presha.

Nilifungua nikitafuta meli, nikakuta vijiti, furushi la nyuzi, vipakiti vya vidude nisivyojua kichwa wala mkia, na mchoro mkubwa kuliko shuka ninalojifunika. Maelekezo nayo! Hatua ya kwanza: gundisha mataruma kwenye mkuku, yaani mbavu za meli kwenye uti wake wa mgongo. Sawa, nikagundisha, jioni moja tu. Hatua ya pili: funika meli kwa mbao. Basi, wamemaliza! Hiyo hatua ya pili imekula miezi minne ya maisha yangu. Ni kama mtu akuelekeze kulea mtoto: moja, mzae, mbili, muozeshe.

Maana hizo "mbao" ni vipande vyenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1.5. Meli ina tumbo katikati, huku mbele, omoni, imebana, kwa hiyo kila ubao lazima uuchonge ncha iwe nyembamba. Unauloweka maji ya moto. Unaupinda taratibu, umebana pumzi, unaubembeleza kama mtoto mwenye usingizi. Unakubali, unakubali, unakubali… tak! Chukua mwingine.

Na mimi nilivyo na haraka ya kumaliza mambo, nikaanza upande wa kulia nikaumaliza wote. Kumbe mbao huwekwa kwa zamu, mmoja kulia, mmoja kushoto, la sivyo upande wenye mbao unauvuta mkuku. Asubuhi nikaikuta meli imejikunja kama ndizi. Onyo lilikuwepo, ila wameliweka mwisho wa kijitabu, karibu na shukrani kwa kununua.

Ukubwa wake ni sehemu moja ya 64. Maana yake nikikosea milimita 1 hapa mezani, kwenye meli ya kweli hiyo ni sentimita 6.4. Yangu imepinda milimita 9, hesabu malizia mwenyewe. Najifariji na mfalme wa Uswidi. Yeye mwaka 1628 alikuwa na mafundi na hazina ya nchi nzima, na meli yake Vasa ilikwenda kama mita 1,300 tu, upepo ukailaza ubavu, ikazama palepale Stockholm watu wakitazama. Yangu haijazama hata siku moja.

Halafu gundi. Ubao ukishaupaka unataka kubanwa mpaka ukauke, na kibanio kizuri kuliko vyote ni kile cha kuanikia nguo. Mama watoto akaja na beseni la nguo mbichi: "Baba Zuhura, vibanio vyangu viko wapi?" Nikamwonyesha. Vyote 36 viko kwenye meli, imekaa kama nungunungu. Vitatu mpaka leo havijabanduka.

Siku nyingine nikasema niache gundi ya maji nitumie ile ya sekunde chache. Kweli, sekunde chache zilitosha: kidole gumba kikanasa ubavuni, na simu inaita chumba cha pili. Nikaenda kuipokea na meli yangu mkononi. Aliyenikomboa ni Zuhura, na dawa yake ya kufutia rangi ya kucha, huku akinirekodi.

Kuna vigololi vya mbao vya kufungia kamba za mlingoti, kila kimoja ni milimita 3 na kina matundu matatu. Mabaharia wa Kiingereza huviita macho ya wafu. Kikikuponyoka kibanoni hukisikii kikianguka, kinahama dunia. Nimetambaa sakafuni na tochi mpaka nikaokota hereni iliyopotea mwaka juzi, lakini jicho la mfu, wapi!

Ngazi za kamba ndizo zilizonimaliza. Seti nne, kila seti vidaraja 22, kila kidaraja mafundo matano. Mafundo 440, kwa mikono hii yenye vidole kama mihogo! Nilianza kufunga mafundo ndotoni. Asubuhi nikifunga kamba za viatu navipaka na gundi kidogo ili visifunguke.

Juzi nimefika mwisho. Nanga mbili, ndogo kama kucha. Nimezipaka rangi nyeusi usiku mzima kwa brashi ya nywele tatu, nikazining'iniza omoni, nikaketi kuzitazama. Shemeji akaingia, akaizunguka meza mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Shemeji, hongera. Inaelea hii?"

"Haielei, shemeji. Ni ya pambo tu. Ukiiweka majini inalala."

Akainama, akachungulia pale mbele kwa muda.

"Sasa nanga za nini?"